Toyota Tupu, Mpaka Jibu

Dany alipomwomba Raïssa waoane, walikuwa wanatoka mazoezi ya kwaya katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na Raïssa alicheka hadi akashika ukuta. Hakucheka kwa dharau. Kwa furaha hakujua auweke wapi uso wake. "Ngoja kwanza," akamjibu, na tangu hapo kijana wa watu akawa anangoja, huku akikosea sauti kila walipoimba.

Raïssa alikuwa msusi. Mara nyingine alishuka mjini Lilongwe, mtaa wa Area 23, kumsaidia Marlène, binamu wa Dany, mwenye nyumba ya vyumba viwili: kimoja cha kusukia nywele, kingine cha michezo ya video. Dany naye alitengeneza simu kambini, na kila alipofika mjini alikimbilia mchezo mmoja tu, ule wa mashindano ya magari wenye dunia nzima iliyo wazi: milima, pwani, mashamba, unakwenda utakako. Tena alichagua Toyota peke yake.

"Toyota iko na kila kitu," alikuwa akihubiri kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Ya mubio, ya matope, ya bazee, ya batoto. Ingine ya nini?"

Asichojua ni kwamba wateja wakikosekana, Raïssa alihamia chumba cha pili, na vidole vyake vilivyozoea rasta vilikwisha kuzoea vitufe.

Ijumaa moja mchana Dany akaingia, akamkuta ameketi mbele ya skrini, miguu juu ya stuli.

"We! Unafanya nini pale?"

"Nakungoja. Tushindane mara tatu, Toyota tupu. Ukinishinda, nakujibu leo. Mi nikikushinda, utangoja mpaka Noeli."

Dany aliketi kabla Raïssa hajamaliza kusema. Marlène akaacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu, akaja kutazama, na mteja naye akamfuata, kitana kikiwa bado kimechomekwa nyweleni.

Mbio za kwanza walikimbiza Supra, Toyota za mbio, kando ya bahari. Dany aliteleza kwenye kona kama sabuni, akashinda, akajipigia makofi. Za pili zilikuwa za Land Cruiser za zamani, zile za pembe nne kama kabati, kupanda mlima wa mawe. Hapo Raïssa alipanda polepole hadi akashinda, huku Dany akipinduka, akiinuka, akipinduka tena. Mteja alicheka hadi kitana kikaanguka.

"Ya mwisho, kila mutu anachagulia mwenzake gari," Marlène akaamuru.

Raïssa akampa Dany Yaris, kagari kadogo kama kiatu. Dany, akitaka kumlemea, akampa Hilux yenye magurudumu marefu kuliko mtu. Lilikuwa kosa kubwa. Njia ilipita mashambani, na Hilux ile ilipita juu ya mahindi kama iko kwao. Raïssa alivunja uzio, akaruka mtaro, akapiga kelele za furaha ambazo hakuwahi kuzipiga tangu utoto wake Bukavu. Magari mengine, yale yanayoendeshwa na kompyuta, yakabaki nyuma. Yaris haikuonekana hata kwa vumbi.

Ndipo alipouona mstari wa mwisho, akakumbuka sharti lake mwenyewe. Noeli! Miezi yote ile! Akakanyaga breki, Hilux ikasimama pua ikikaribia kugusa mstari.

"Pita!" Marlène akapiga ukelele. "Uko kichaa?"

Yaris ikatokea, imebonyea pande zote, ikaja kusimama kando ya Hilux.

"Pita, we!" Raïssa akamwambia.

"Apana. Sitaki unihurumie. Pita we."

"Mi njo nimekuambia upite!"

"Na mi nakataa!"

Wakabaki hapo wakigombana huku magari ya kompyuta yakiwapita moja moja kwa adabu zote. Mwishowe hakukuwa na gari lingine la kuwapita.

"Sasa nani ameshinda?" mteja akauliza.

"Hakuna," akasema Raïssa. Alikuwa anacheka na machozi yakimtoka. "Dany, jibu ni ndiyo. Nitaolewa na we. Umesikia?"

Dany alisimama, akaketi, akasimama tena. Marlène akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani amejifungua.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kicheko. Huko Lumbadzi, njiani, Dany alimkumbatia mwendesha baiskeli ya abiria, kabaza, mtu asiyemjua kabisa, akamshukuru kwa Kichewa, "zikomo kwambiri", kabla hata hajapanda baiskeli yake. Walipofika kambini kwa mama yake Raïssa, wote wawili waliongea kwa pamoja: Hilux, harusi, mahindi, Yaris, mchungaji.

Mama alitoa mwiko kwenye nsima, ugali wa huko, akaepua sufuria, akawaonyesha mkeka.

"Mukae," akasema. "Mutoto wangu, anza we. Gari ni ya nani?"