Mtu Mmoja Aliyepinga Treni

Siku maofisa wa reli walipokuja kuuliza maoni ya wananchi, watu mia mbili na ushei walinyoosha mikono kutaka treni ya abiria irudi. Mimi peke yangu nilipinga. Ofisa akaniuliza sababu, nikasema kelele. Akaandika "kelele" kwenye fomu yake na kunishukuru. Majirani hawakunishukuru.

Sababu yenyewe ilikuwa mume wangu. Miaka kumi na moja nyuma aliondoka na treni ya mwisho kwenda kutafuta kazi mjini, na wiki iliyofuata huduma ikasitishwa. Tangu hapo, kila akiulizwa kwa simu atarudi lini, jibu lilikuwa moja: treni hakuna. Mabasi yapo, tena mawili kwa siku, lakini mama mkwe alimkingia kifua mwanawe. Basi linamtapisha, alisema, tangu utotoni, hata akiliona tu limeegeshwa. Alimweleza hivyo kila mteja aliyekuja kuchukua sare za shule dukani kwetu, mimi nikiwa kwenye cherehani na yeye akishona vifungo.

Sasa, bwana huyo huyo alinileta kwao kwa basi. Tulisafiri kutwa nzima, yeye amekaa kiti cha juu ya tairi, na njiani alikula mayai manne ya kuchemsha, la nne likiwa langu. Nikajitia hamnazo miaka yote. Uongo ule ukivunjika, mimi pale nyumbani ningekuwa nani? Mke aliyetelekezwa hurudi kwao, na mimi sikutaka kurudi. Nilimpenda mama yule kuliko nilivyowahi kumpenda mwanawe, na sioni haya kulisema.

Treni ikarudishwa, maoni yangu hayakuzingatiwa. Stesheni ilipakwa rangi na kuwekewa saa mpya, ambayo ilikuwa nyuma kwa dakika ishirini tangu siku ya kwanza. Mama mkwe alimpigia mwanawe simu akamsomea ratiba nzima, kituo kwa kituo. Mwanawe akasema hiyo ni habari njema.

Siku ya safari ya kwanza tulifunga duka. Mama alivaa gauni lake la harusi za watu, akabeba mkoba mkubwa. Mimi nilimfuata nyuma hadi stesheni. Walishuka watu kumi na sita, godoro moja, na mwanasiasa aliyepandia kituo cha jirani ili aonekane akishuka. Mama alingoja mpaka wote wakaisha. Kisha akamwomba mkaguzi wa tiketi atazame kama kuna abiria aliyepitiwa na usingizi. Mkaguzi alipita mabehewa yote saba, akafungua hata vyoo, akarudi kutuambia hakuna mtu.

Nikasema huenda kazini wamemnyima ruhusa. Nilijisikia nikimtetea, nikaona aibu.

Mama akafungua mkoba akanipa tiketi. Ilikuwa ya treni ile ile, ya kwenda kwetu, kwa wazazi wangu, kiti cha dirishani. Ilikatwa jana yake, saa aliyoniaga kwamba anakwenda kununua vifungo. Kumbe alijua kabla hata treni haijaingia.

"Basi halijawahi kumtapisha," alisema. "Nilisema vile ili usiondoke. Miaka kumi na moja nimekushikilia kwa uongo, mwanangu. Panda uende kwenu, bado una umri."

Mkaguzi alikuwa ameshaanza kufunga milango.

"Mama," nikamwambia, "mimi sikuwa namngojea yeye."

Alinishika mkono, tukaketi, akaubana mpaka vidole vikaniuma, na tulikuwa bado tumekaa hivyo kwenye benchi wakati behewa la mwisho lilipopita, kiti changu kikiwa kitupu.