Moto Mdomoni mwa Aoko

Aoko alivuta sigara kinyume: upande wenye moto ndani ya mdomo, mwingine nje. Bibi zake wa Bondo walivuta hivyohivyo ili upepo wa ziwa usiuzime moto. Aoko angeweza kusonga ugali, aupakue, aule wote, na sigara bado inawaka mlemle. Anayebisha aniulize mimi, jirani yake sokoni.

Kisha sheria ikafika soko letu la Nyalenda. Askari wa soko, Wakhungu, akatundika kibao na kutangaza: atakayekutwa na sigara humu ananyang'anywa meza. Na tangu Ondiek afariki, meza ya omena, wale dagaa wa ziwani, ndiyo iliyokuwa mume wa Aoko.

Asubuhi moja Wakhungu akatutokea ghafla. Aoko akaivuta sigara yote ndani kwa ulimi, akafunga mdomo.

"Habari ya asubuhi, mama?"

Aoko akainamisha kichwa.

"Nasikia harufu ya moshi hapa."

"Ni Jacinta anachoma," nikadakia.

"Jacinta anauza nyanya, mzee."

"Si ndizo anazochoma!"

Jacinta akacheka. Wakhungu hakucheka. Akaegemea meza ya Aoko kama mtu aliyefika kwa shemeji yake.

"Mama, kopo la gorogoro la omena ni ngapi?"

Aoko akaonyesha kwa vidole.

"Nifungie. Lakini mbona hunisalimii? Tumekosana?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Aoko. Moshi ukaanza kumtoka masikioni, taratibu, kama paa la jikoni wakati wa mvua. Kataeni, mimi niliuona. Wakhungu hakubanduka.

Aoko akameza.

Tuliusikia moto ukizimika, kama kaa lililotumbukia kwenye karai la maji.

"Hatujakosana, mwanangu," akasema, kwa sauti tusiyoijua.

Wakhungu akachukua omena zake akaenda. Meza ikabaki.

Kwa wiki nyingi Aoko alikunywa uji wa baridi tu. Koo likapona nusu; sauti haikurudi. Na omena huuzwa kwa kuita, jamani. Mwenye kukaa kimya hupitwa. Mimi na Jacinta tulijaribu kumwitia wateja. Walikuja, wakanunua nyanya.

"Dani, bibi yetu, siku hizi umetununia?" mteja mmoja akamtania. Aoko akagusa koo, akatazama pembeni.

Jumatatu iliyopita akaja mwanamke mgeni, Seline, na gunia la vitunguu, akiuliza kama kuna nafasi popote. Sote tukajishughulisha na bidhaa zetu. Aoko akazisukuma omena zake zikawa fungu dogo pembeni, kisha akapangusa nusu ya meza kwa kiganja, akamwashiria Seline aweke vitunguu.