Filamu ya Tisa na Kiti cha Pembeni
Kazi yangu ni kuchana tiketi mlangoni mwa ukumbi wa sinema, na hii filamu ya tisa ya shujaa yuleyule imenifika kooni. Imevunja rekodi. Meneja hashikiki kwa furaha, anasema ni matangazo. Muuza bisi anasema ni milipuko. Mimi nilisema watu hawana akili. Tangu ile ya kwanza shujaa anakufa, anarudi, na bado foleni inafika barabarani.

Shemeji yangu, mjane wa kaka, akaja na tiketi mbili kama kawaida yake. Kaka alipokuwa hai hawakukosa filamu hata moja. Nikachana tiketi moja. Ya pili akaifumbata.

"Shemeji, acha kujitesa," nikamwambia. "Si mwisho wake unaujua?"

"Ndiyo maana nakuja," akasema. "Huyu najua atarudi."

Nikamfuata ndani, nikasimama kando ya mlango. Karibu na mwisho, shujaa waliyekwisha kumzika akatokea kwenye moshi, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Shemeji hakupiga makofi. Aligeuza shingo taratibu, akatazama kiti cha pembeni yake.

Taa zilipowaka alikuwa bado anakitazama. Nikamgusa bega, nikamwambia watu wa usafi wanasubiri. Akainuka, akajifunga mtandio vizuri, akaniuliza filamu ya kumi inatoka lini.