Pumzi Iliyobaki Jikoni

Kiunga aliketi kando ya kitanda cha mkewe, Lydiah, katika chumba cha wagonjwa mahututi mjini Meru, huku muuguzi Gatwiri akipunguza kazi ya mashine ya kupumulia. Walitaka Lydiah avute pumzi mwenyewe. Kifua kikagoma. Gatwiri akairudisha mashine ilivyokuwa, akamgeukia Kiunga.

"Mzee, mapafu yamepona. Pumzi yake mliiacha wapi?"

"Iko nyumbani Githongo, Sista. Inapuliza moto."

"Moto wa nini?"

"Wa chai yangu."

Ilikuwa kweli. Tangu ambulensi imchukue Lydiah, pumzi yake ilibaki ikipuliza mafigani asubuhi na jioni, kama ilivyozoea tangu aolewe, ndani ya moshi uleule uliomlaza hospitalini. Kiunga alitia maji na majani tu. Hakuwa mtu mbaya, ila chai aliipenda kupita kiasi.

"Haiwezi kutoka kazini bila mtu wa kuipokea zamu," Gatwiri alisema. "Kesho asubuhi tunajaribu tena. Akizidi kukaa kwa mashine, tutampoteza."

Kiunga alirudi Githongo roho mkononi. Hakuna mwanamume wa rika lake aliyewahi kuinama mbele ya mafiga. Wenzake wangemcheka kwenye kiwanda cha kahawa mpaka mavuno yajayo. Kulipopambazuka alijifungia jikoni, akapiga magoti, akapuliza. Majivu yakamrukia usoni. Machozi yakamtoka, kwanza ya moshi, kisha ya aibu, maana jikoni hamkuwa na dirisha na aliyepajenga ni yeye. Akapuliza tena. Kuni zikashika.

Pumzi ya Lydiah ikatulia. Ikajinyoosha, ikapita chini ya mlango, ikateremka kuelekea Meru ikitikisa mibuni njiani.

Kiunga alipofika hospitalini, Gatwiri alikuwa ameshautoa mrija kooni mwa Lydiah.

"Ilifika tukiwa katikati ya jaribio," alisema. "Ilinuka moshi kidogo. Tuliifungulia dirisha."

Lydiah alimtazama mumewe aliyejaa masizi puani.

"Baba Makandi," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "umepuliza?"

"Nimepuliza."

Akacheka, kwa pumzi yake mwenyewe. Kiunga akalia kwa furaha mbele za watu, wala hakujali.

Wiki chache baadaye kanisa zima lilisimama kumpokea. Lydiah aliimba ubeti mzima bila kukata pumzi, kisha akarudia kiitikio ambacho hakuna aliyekiomba. Kinamama walipiga vigelegele hadi mchungaji akasahau mahubiri.

Nyumbani alikaa uani penye hewa safi, kama daktari alivyoagiza, akivuta pumzi ndefu kwa raha zake. Kiunga alikaa karibu naye, kifua mbele. Binti yao Makandi, aliyekuwa bwenini muda wote huo, alikuwa amefunga shule.

"Makandi," Kiunga akaita, "chai imefika wapi?"

"Inakuja, Baba."

Jikoni, Makandi akainama mbele ya mafiga, akapuliza, akakohoa.