Vigae Vilivyokanyagwa na Mbwa

Mardhiya alitaka kuezeka kibaraza cha mlangoni kwake Edmonton, na bati hataki hata kuliona. Akapanda mabasi mawili mpaka Kingsbury, kwa Alnashir, mzaliwa wa Dar es Salaam anayeuza vigae vya udongo kutoka Uhispania.

"Hivi si vya mashine, dada," alisema Alnashir, akikipapasa kigae kama shavu la mjukuu. "Fundi ameukanda udongo kwa mkono, akautandaza juu ya gogo ukapinda hivi, akauanika juani, ndipo akauchoma. Karne na karne wanafanya vivyo hivyo. Na tazama hapa."

Pembeni mwa kigae palikuwa na alama ya unyayo wa mbwa.

"Kilikuwa bado kibichi, mbwa wa kijijini akapita zake. Mashine itakupa hiyo?"

Moyo wa Mardhiya ukalainika. Akamwona fundi, akaliona jua, akamwona na mbwa mwenyewe, mvivu. Bei ilipotajwa, hata hakuguna.

Akachukua kigae cha pili. Unyayo, pembeni. Cha tatu, pembeni pale pale. Akavipanga sita sakafuni, taratibu, kama anayeandaa sahani za futari. Nyayo zote zikakaa mstari mmoja.

Alnashir akaanza kukohoa.

"Huyu mbwa," alisema Mardhiya, "anachukua kazi nje ya Uhispania?"

"Kwa nini, dada?"

"Fundi wangu wa kuezeka ana miaka ishirini kazini, na hajawahi kunyoosha mstari namna hii."