Vidonge Nilivyompa Mkwe Wangu

Wajukuu wananiita Bibi Famasi. Nyumbani kwetu mtu akipona, vidonge vilivyobaki analetewa bibi, navyo hukaa kwenye kopo la biskuti. Humo ndimo nilimotoa vya salfa nikampa mke wa mwanangu, alipolalamika kuwa mkojo unamchoma. Siku ya sita akatokwa na madoa mekundu kifuani.

"Hiyo ni homa inatoka, mwanangu," nikamwambia. "Usikatishe dozi."

Nikasimama mbele yake na glasi ya maji mpaka akameza.

Siku mbili baadaye tulikuwa wodini. Midomo yake ilikuwa imechubuka na kuganda damu, na ngozi ya mgongoni ilibaki kwenye shuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Alitumia dawa gani?" daktari akauliza.

"Hakuna," nikajibu upesi.

Mkwe wangu alinitazama kwa upenyo mdogo wa jicho lililovimba. Alijua. Akalifumba tena.

Daktari akamgeukia mwanangu. "Mara nyingi hali hii huletwa na dawa. Tusipoijua, tunaweza kumpa ileile tena, na hapo tutampoteza."

Mwanangu akatikisa kichwa. Yeye hakujua lolote. Muuguzi alikuwa tayari anavunja kichupa cha sindano.

"Ngoja," nikasema. "Nilimpa salfa. Mimi."

Muuguzi akaweka sindano chini. "Asante, bibi," akasema taratibu. "Hata mama yangu ana duka lake la dawa chini ya kitanda."

Nilitamani angenifokea.

"Na upele ulipotoka, aliacha?" daktari akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, mkwe wangu akajikaza. Kila neno lilimtoa machozi. "Niliendelea... mwenyewe."

"Si kweli," nikasema. "Alitaka kuacha. Mimi ndiye niliyemlazimisha."

Daktari akaandika, akasema sasa wanajua pa kuanzia, ila siku chache zijazo zitakuwa ngumu.

Mwanangu akatoka. Nilijua nimempoteza, nami sikumlaumu. Kumbe alikwenda kutafuta kiti. Akakiweka karibu na kitanda, upande wangu, bila kunitazama.

"Kaa, mama. Miguu yako itavimba."

Sikuweza kukikalia. Nilisimama nikishika mgongo wa kile kiti mpaka muuguzi aliponipa pamba yenye maji, akanionyesha jinsi ya kulowesha midomo ya mkwe wangu bila kumuumiza.