Tarehe Iliyoangalia Ndani

Sina subira na mtu anayetaka tairi kubwa kuliko gari lake. Wanakuja hapa kwangu Bagamoyo, wametoka Dar kuinua gari inchi mbili, basi wanajiona wamenunua meli. Nipe la inchi thelathini na tano, Bi Biubwa. Nawauliza, ukikata kona tairi hilo litaingia wapi, mfukoni mwako? Litasugua madigadi mpaka linuke. Wananuna, wanaondoka, wiki ya pili hao wamerudi. Miaka ishirini na sita nauza matairi, tangu marehemu baba aniachie kiwanja hiki, na maneno yangu ni makali lakini mali yangu ni ya kweli. Muulize yeyote. Nimemdanganya mtu mmoja tu, naye ni mdogo wangu, Sufiani.

Sufiani alikuwa akibeba mwani. Akina mama wa Mlingotini wanaulima kule kwenye maji mafupi, na siku za bamvua, bahari inapokupwa ikaenda mbali kabisa, alishuka na mkonga wake, ile Landcruiser ya kazi yenye bomba la hewa ubavuni, akawapakilia magunia yaliyolowa wasiyabebe kichwani. Gari lenyewe alikuwa ameliinua inchi tatu. Likawa juu hata mkewe Nadhira, ambaye Mungu hakumjalia kimo, akashindwa kuingia. Sufiani akamchongea kigoda cha miguu minne, akakiweka nyuma ya kiti. Kila safari anashuka, anazunguka upande wa kushoto, anatua kigoda, bibie anapanda, kigoda kinarudi garini. Tulimcheka mpaka tukachoka. Alisema mkewe hatachuchumia kama mwizi wa maembe maadamu yeye yu hai.

Baada ya Idd alikuja kutaka matairi, na yeye, kama wenzake, akataka thelathini na tano. Nikamwambia kwa inchi zako tatu mwisho wako ni thelathini na tatu, yaani mia mbili themanini na tano kwa sabini na tano, rimu kumi na sita. Akabisha, nikabisha, mwishowe akasema basi atakwenda kwa Majaliwa, pale njia panda, ambaye ana mzigo mpya. Hapo ndipo roho mbaya iliponipanda. Ndugu yangu wa tumbo moja afungwe matairi na Majaliwa, mji mzima uone? Nilikuwa na manne ya mtumba, ya njia zote, yale yenye A na T ubavuni, kashata zake, yale meno ya kushikia njia, bado nene. Kwa macho yalikuwa mazuri. Lakini tairi lina tarehe yake, tarakimu nne, wiki na mwaka, na huandikwa ubavu mmoja tu. Yale yalikuwa ya wiki ya tisa, mwaka elfu mbili na kumi na tano. Mpira umekauka, mgumu kama kisigino. Na moja lilikuwa na jeraha kwenye kashata, nimeliziba mwenyewe kwa kiraka cha pembe tatu.

Nikayafunga yote manne, na ubavu wenye tarehe nikaugeuza ukaangalia ndani. Sufiani akaniuliza, "Safi, dada?" Nikamwambia safi.

Bamvua iliyofuata gari likanasa kwenye tope, karibu na mkondo. Aliyenisimulia ni Mwanamkasi, kiongozi wa wale akina mama wa mwani, naye si mtu wa kuongeza chumvi. Sufiani alifanya lile lile nililomfundisha, akapunguza upepo ili matairi yalale na kushika. Mpira mzima ukipunguzwa upepo hulala, mpira mzee hukatika. Mwanamkasi alisikia mlio. Maji yalikuwa yamekwisha kugeuka, na pale hujaa kwanza nyuma yako. Sufiani akawaambia akina mama watangulie, yeye anachimba kidogo tu. Kesho yake maji yalipotoka hapakuwa na gari wala mtu. Watu walitafuta siku tisa, na mashine, na wapiga mbizi, hawakupata hata nati.

Tukasoma hitima. Watu wakasema maskini, alikuwa na kichwa kigumu, kilichompeleka kwenye mkondo ni nini? Nami, dada mtu, nikaitikia. Nadhira hakuitikia. Alikataa kukaa eda. Alisema hakai eda ya mtu anayerudi. Kila bamvua alisimama ufukweni mbele ya nyumba yake, hali, hanywi, mashavu yanazidi kuingia ndani. Nilijua asipopata cha kuzika atamfuata. Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha, kuliko hata aibu yangu.

Mwezi wa pili baada ya hitima Mwanamkasi akaja kiwanjani kwangu. Alisalimu, akakaa juu ya tairi, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna alama za gari kule tupuni, panapobaki wazi maji yakitoka. Zinaanzia mkondoni, zinakuja pwani, zinakatika katikati. Nikamfokea. Nikamwambia watu wa Dar wanakuja kuchezea magari, hilo nalo la kunipotezea muda? Akasema hakuna alama za kushukia, bibi, ni za kupandia tu.

Nilikwenda. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, akina mama wanafunga mwani na kuzungumza mambo yao. Alama zilikuwa pale. Nikainama. Kwenye mburuzo wa nyuma kulia palikuwa na pembe tatu imejichapa topeni, halafu mbele yake nyingine, na nyingine. Tairi lenye jeraha huacha jeraha lake kila linapozunguka mara moja. Pima kutoka jeraha hadi jeraha, utajua ukubwa wa tairi. Nikatoa futikamba. Mita mbili na sentimita hamsini na nane. Hiyo ni thelathini na tatu yenye upepo wa kutosha.

Sikumwambia mtu. Bamvua ya pili nikarudi. Alama zilikuwa zimesogea pwani hatua arobaini hivi, na zilikuwa pana zaidi. Nikapima, mita mbili na hamsini na moja. Wallahi nilikaa chini kwenye tope na buibui langu. Mtu asiyejua kazi hii angeona tarakimu tu. Mimi niliona mtu anayepunguza upepo. Alikuwa humo bado, anahangaika, anafanya nilivyomfundisha, na mpira wangu unamwangusha.

Nadhira alinisubiri ufukweni. Hakuuliza nimeona nini. Aliuliza, "Wifi, amefika wapi?"

Bamvua ya tatu alama zilizunguka pale pale. Kashata hazikuonekana tena, tope limevurugwa kama mtu aliyesaga gia siku nzima. Hapo nikaamua. Kama anataka matairi, atapata matairi, na safari hii nitamchagulia kama anavyostahili. Atoke, apatikane, azikwe, huyu binti akae eda yake aishi. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na mtu mwenye hatia huwaza chochote.

Nilichagua siku mbili. Mchangani unataka upana, gari lielee. Lakini tope la pale ni jepesi juu, chini yake kuna mwamba, na tairi pana hapo linateleza kama mtoto kwenye sabuni. Linatakiwa refu jembamba, likate tope likashike chini. Mia mbili hamsini na tano kwa themanini na tano, rimu kumi na sita. Urefu sawa na yale ya kwanza, kwa hiyo inchi zake tatu zinatosha na madigadi hayaguswi. Ya njia zote, kwa sababu baada ya tope kuna mchanga, na baada ya mchanga kuna barabara. Mimi sikuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni Majaliwa. Nilikwenda njia panda mchana kweupe, nikasimama mbele ya duka lake, nikaomba. Majaliwa hakunicheka. Nikasoma tarehe ya kila moja kwa kidole. Yalikuwa ya mwaka huu.

Mafundi wangu walinisaidia kuyafunga kwenye rimu na kuyafikisha kule tupuni, pale alama zilipokatika. Walidhani nimerukwa na akili kwa msiba, wakafanya nilivyosema. Nikayapanga manne, moja juu ya lingine, nikaweka jeki na spana. Tairi lenye upepo huelea. Nilitegemea kesho nitayakuta yametapakaa kwenye mikoko, nijicheke, mambo yaishe.

Kesho yake maji yalipotoka nilikuta matairi manne yamepangwa moja juu ya lingine. Yale ya zamani. Moja limepasuka ubavu mzima. Lenye kiraka lilikuwa juu, na limelazwa tarehe ikiangalia mbinguni. Jeki ilikuwa imepanguswa tope, kama Sufiani alivyopangusa kila kitu cha watu kabla ya kurudisha. Alama hazikuwapo. Palikuwa na tope tupu, laini, na ndege wawili.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Nadhira. Alikuwa barazani anachambua mchele, akaniamkia shikamoo wifi. Nilimwambia yote, Majaliwa, mpira mkavu, kiraka, tarehe niliyoigeuza ndani. Nililia kama mtoto. Nilitaka anitukane, wallahi nilitaka anirushie ungo.

Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Alijua, wifi," akasema. "Jioni ile ile alilala chini ya gari kuangalia oili, akaiona tarehe. Nikamwambia kayarudishe. Akasema dada akiaibika hali chakula siku tatu. Yaache, nitaendesha taratibu."

Moyo ulikuwa ukiniuma mahali ambapo sikuwahi kujua kwamba mtu anaumwa. Sufiani alikubali kuendesha uongo wangu ili nisione haya, nami niliwaitikia watu waliomwita kichwa kigumu.

Nadhira akaweka ungo kando. "Na haya mapya? Yatamfikisha?"

Ningesema sijui. Ningesema matairi ni mpira tu, mwanangu, waliokwenda wamekwenda. Lakini nimeshamdanganya mtu mmoja katika nyumba ile, na nilikuwa nimeapa kwamba sitamdanganya wa pili.

"Yatamfikisha," nikasema.

Akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu Sufiani apotee. Akasema basi kesho atafagia uwanja. Nilimwomba aje alale kwangu mjini, akakataa kwa upole, akanisindikiza mpaka barabarani.

Siku ya tatu nilifika saa nne na nusu. Mwanamkasi alikuwa anapanda kutoka kwenye mwani, akaniuliza mbona nimekuja mara mbili. Walikuwa wamesikia gari, wakadhani ni langu, hawakugeuka kutazama. Mlango wa Nadhira ulikuwa wazi. Kitanda kimetandikwa, kikombe kimeoshwa kimefunikwa. Makubadhi yake ya harusi, ambayo huning'inia ukutani, hayakuwapo.

Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri, mistari ya chelewa bado mibichi mchangani. Juu ya mistari hiyo zilipita alama za matairi, mapya, membamba, kashata zote zimejichapa kali. Zilikuja kutoka pwani, zikageuka mbele ya baraza, zikasimama, zikarudi zilikotoka. Nyayo za makubadhi zilitoka mlangoni, hatua fupi fupi, hazikukimbia, hazikusita. Zilifika upande wa kushoto, mahali pa mlango wa abiria, zikaishia hapo.

Hapo palikuwa na vishimo vinne vidogo mchangani, vimekaa mraba. Nikaingiza kidole kimoja kimoja. Ni miguu ya kigoda. Kile kilichokaa nyuma ya kiti, kilichozama na gari.

Nilizifuata alama mpaka majini, na Mwanamkasi nyuma yangu anasoma dua kwa sauti. Zile za kurudi zilikuwa zimezama zaidi kuliko za kuja, kwa unene wa ukucha. Mtu mwingine asingeona uzito wa abiria mmoja. Zilipita mchangani, zikapita kwenye tope lile lile lililomshinda mara tatu, zikaenda moja kwa moja mpaka mkondoni, na hazikuteleza hata mahali pamoja.